Mpokezi Afia Zamu ya Najiat

Mpokezi alikufa tena asubuhi ile, na safari hii alifia mbele ya macho ya Kulwa Limbu. Kulwa alikuwa amekaa palepale, kikombe cha chai mkononi, anatazama kioo. Umeme ulikuwepo. Hakuna mtu aliyegusa kitu. Ghafla tu, kimya.

"Si nilikwambia?" akasema meneja Erasmus kutoka mlangoni, mikono nyuma.

Sasa huyu Mpokezi si binadamu. Ni programu. Inakaa ndani ya seva ya chama cha wafugaji nyuki, pale ghalani karibu na reli, Tabora mjini. Haina picha wala kitufe cha kubofya, ukikaa mbele ya mashine humuoni, yeye anafanya kazi huko nyuma kimyakimya. Kazi yenyewe ni moja: wapima asali wa vijijini, kuanzia Kwihara mpaka Kaliua, wanatuma meseji, na Mpokezi anaandika ndoo ya nani ina kilo ngapi. Akiwa mzima, mambo yanaenda. Akifa, meseji zinapotea, na ndoo zinashushwa ghalani kama watoto waliookotwa, hazina jina wala mwenyewe.

Na ndo msimu wenyewe huu. Ndoo zisizo na mwenyewe zilishajaa kona nzima ya ghala, na wafugaji walishaanza kuja na fimbo.

Kilichomponza Najiat, msichana anayeangalia seva, ni kitu kimoja. Mpokezi alikuwa anakufa asubuhi, na asubuhi ni zamu ya Najiat. Mchana anaingia Hilari, na kwa Hilari hajawahi kufa hata siku moja.

"Akiwepo huyu, anakufa. Akiwepo Hilari, mzima kama gogo la mninga," Erasmus akasema. "We mpelelezi unataka nini zaidi?"

"Nataka kujua kafaje."

Najiat alikuwa amekaa kwenye stuli pembeni, mikono juu ya mapaja. Erasmus akamnyooshea kiganja. Msichana akavua ufunguo wa chumba shingoni, akampa, akatoka nje.

Kulwa hakugeuka kumwangalia. Alikuwa anasoma maneno ya mwisho ya Mpokezi. Hii ndo kazi yake, mtoto wa Nzega huyu: wanamwita pale kompyuta inapogoma mpaka watu wanaanza kushikana mashati.

"Njoo uone," akasema. "Angekuwa kazimwa na mtu, hapa pangeandikwa kaambiwa asimame. Hapa pameandikwa kauawa. Na aliyemuua ni seva yenyewe."

"Seva imuue kwa nini?"

"Kwa ulafi. Programu ikitaka kufanya kazi inaazima nafasi kwenye memori. Ikimaliza inarudisha. Huyu alikuwa anaazima harudishi. Tangu asubuhi naona mstari wake unapanda, haushuki. Nafasi ilipokwisha, seva ikatafuta nani kala kuliko wote, ikamfyeka. Mafundi tunasema memori inavuja."

Erasmus akafikiri kidogo. Si mjinga yule bwana.

"Basi Najiat kapandikiza kidudu cha kumlisha. Hata asiguse kitu, kidudu kinafanya kazi. Ndoo ikikosa jina, nani atajua imetolewa mlango wa nyuma ikauzwa?"

"Inawezekana."

"Kamati inakaa alasiri. Kama huna jibu lingine, kazi hana, na naita polisi."

"Sawa," Kulwa akasema, akamwashia Mpokezi upya, kisha akamalizia chai yake.

Kulwa alimkuta Najiat kwenye benchi nje, upande wa kivuli. Uani wabeba ndoo walikuwa wanapita na kumwangalia kwa pembe ya jicho.

"Ulikuwa unafanya nini kabla hajafa?" Kulwa akamuuliza.

"Si ulikuwepo, dada. Nimekaa."

"Jana?"

"Nakunywa uji."

"Juzi?"

"Juzi nilikuwa nimefunga sunna. Akafa vilevile."

"Umeingiza nini kwenye ile mashine? Muziki, flashi, tamthilia?"

"Mashine ile hata saa yake iko nyuma, mi naogopa kuirekebisha. Niingize tamthilia?"

"Programu umewahi kuingiza?"

"Sijui hata zinaingilia wapi." Akavuta ushungi mbele. "Meneja kaniita mwizi pale kwenye mizani, mbele ya wabeba ndoo wote. Na baba yangu anashona pale sokoni, unajua Tabora ilivyo. Mi nikifika nyumbani wenzangu wameshafika zamani kumwambia."

Kulwa akaipekua seva nzima, hakukuta kidudu. Flashi haijawahi kuchomekwa. Hiyo peke yake haitoshi, mwizi mzuri anafagia nyayo zake. Ikabaki ile habari ya zamu, na ile ndo iliyokuwa nzito.

Hilari anaishi chumba cha nyuma ya ghala. Kulwa akamkuta anasugua viatu. Mtu mzima, mpole, shati limechomekewa.

"Kaka Hilari, siri yako nini? Mbona kwako hafi?"

"Mi namheshimu."

"Unamheshimuje?"

"Nikiingia zamu, kitu cha kwanza namzima. Namwacha apumue. Halafu namwasha."

"Kila siku?"

"Kila siku. Mi nimeendesha mashine ya kukoboa mpunga Igunga huko. Mashine huipokei inaunguruma, dada. Utajuaje mwenzio kaharibu nini? Unaipokea imelala, unaiamsha mwenyewe. Ikiharibika hapo, ni yako."

"Najiat umemwambia?"

"Hajaniuliza. Na yeye ni wa shule, mi nimwambie nini?"

Kulwa akacheka kidogo, akamwomba leo asimzime, akaaga. Ile ya zamu ikawa imekwisha hapohapo. Mpokezi anajaza tumbo tangu mchana mpaka asubuhi, anapasukia mikononi mwa Najiat. Mchana anakuja Hilari anamwaga yote bila kujua anamwaga nini. Angekuwa Najiat ndiye anamzima akiingia zamu, mwizi angekuwa Hilari.

Lakini kumtoa Najiat kwenye lawama ya zamu si kumtoa kwenye lawama ya kidudu. Erasmus angesema tu, sawa, zamu si hoja, na kinachomlisha ni nini? Kulwa alihitaji kumuua Mpokezi kwa mkono wake mwenyewe. Kama huwezi kumuua makusudi, hujui kilichomuua, unabahatisha.

Akanakili programu nzima kwenye laptopu yake. Yeye akiwa Kulwa, nakala akaiita Doto, ingeitwaje tena.

Akamtumia Doto meseji za uzito. Kwanza moja moja, halafu mfululizo, halafu mvua. Mstari wa memori ukapanda, ukashuka, ukatulia. Akatuma kilo bila jina. Akatuma jina bila kilo. Akatuma meseji zimekatika katikati kama mtandao wa porini. Akakata mtandao wenyewe, akaurudisha. Doto akameza yote, akarudisha nafasi zote, akakaa hapo anamwangalia.

"Mzima?" Erasmus akauliza alipopita.

"Mzima kabisa."

"Si umeona. Yako haina mkono wa Najiat."

Kulwa akaliacha hilo la kumlisha, akaja kwa upande mwingine: badala ya kuuliza kinachoingia, akauliza kinachobaki. Akapiga picha ya memori ya Mpokezi wa kweli, yule wa kwenye seva. Akatoka, akanunua mihogo ya kukaanga kwa mama mmoja ng'ambo ya reli, akaila yote na pilipili, akarudi, akapiga picha ya pili. Halafu akaziweka pamoja kutafuta nini kimeongezeka.

Kilikuwa kitu kimoja tu. Mazungumzo.

Mpokezi alivyotengenezwa, kila meseji ikiingia anafungua mazungumzo na aliyetuma. Na ili asibabaike, anawaita ndani wafugaji wote wa kituo kile, majina na picha zao za uso, awe nao tayari. Akishajibu, anafunga, wote wanatoka. Sasa hapa palikuwa na rundo la mazungumzo yaliyo wazi, kila moja limekalia kijiji kizima na mapicha yake. Ndo maana nafasi ilikuwa inaisha haraka hivyo. Na yote hali yake moja: yanasubiri jibu.

Walichosema hao wanaosubiri, Mpokezi hakukihifadhi. Alihifadhi vituo tu. Kilichoongoza ni Kwihara.

Kulwa akafunga laptopu, akaita bodaboda.

Kwihara si mbali, vumbi tu. Wakapita kibao cha kuelekea kwenye lile tembe, nyumba ya udongo ya kale, ambalo wageni wanakuja kulipiga picha, wakanyoosha mpaka kwenye banda la bati lenye mizani ya kuning'inia. Mpimaji wa pale ni Bi Amne, mama mtu mzima, simu ya vitufe ameifunga kamba shingoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Habari za mjini?"

"Nzuri. Za hapa?"

"Za hapa salama. Watu wa huko hawajambo?"

"Hawajambo. Nyuki je?"

"Nyuki wapo, wanauma. Karibu kiti."

Baada ya hapo tena ndo Kulwa akasema yeye ni nani na amekuja kuangalia tu mama anavyofanya kazi. Bi Amne akasema angalia. Akatundika ndoo ya kijana mmoja aliyekuja na baiskeli, akasoma mizani, akashika simu, akabonyeza, akatuma. Halafu akaiweka simu mapajani na kukaa.

Kulwa akasubiri naye. Kijana wa baiskeli akasubiri. Kuku akapita.

"Umeshatuma uzito, mama?"

"Bado."

"Nimeona kama umetuma."

"Nimesalimia." Akaitazama simu. "Hawaitiki siku hizi."

Akabonyeza tena, akatuma tena, akakaa tena. Baadaye akaguna, akaandika kilo, akatuma. Hapo jibu likaja chapchap: uzito umepokelewa.

Kulwa alikuwa ameshatoa laptopu kwenye mkoba.

"Mama, kwa nini usitume kilo moja kwa moja?"

"Nimrukie mtu na kilo? Sijamjulia hata hali?"

"Lakini kule ni mashine."

"Najua ni mashine, tuliambiwa semina. Si ilikuwa inaitika lakini? Unaiambia shikamoo, inasema marahaba, leta uzito. Vizuri kabisa. Halafu ikaacha. Nikasema labda kuna mahali nimewaudhi, ngoja nisalimie na mara ya pili."

"Na shikamoo unaipa wewe, kwa umri wako?"

"Iko ofisini hiyo. Na miaka yake siijui."

Kijana wa baiskeli akacheka. Bi Amne hakucheka.

"Wenzako wa vituo vingine nao?"

"Wote. Tukikutana tunaulizana, wewe umeitikiwa? Yule mwenzangu wa Kaliua ndo mkaidi, anasalimia asubuhi nzima mpaka simu inaisha chaji."

Kulwa akamwamsha Doto juu ya kiti. Akamtumia shikamoo moja. Mstari ukapanda kidogo, ukakaa hapohapo. Akasubiri ushuke. Haukushuka. Akatuma nyingine, ukapanda ngazi ya pili. Kumbe mjini yeye alikuwa anamtesa Doto kwa kilo tu, kilo nzuri na kilo mbovu, hakuna hata mara moja aliyomsalimia. Akaiambia laptopu itume salamu mfululizo kama vituo vyote vimeamka pamoja, akaweka mikono mapajani.

Doto akapanda, akapanda, akafika juu, akafa. Maneno yake ya mwisho yalikuwa yaleyale ya Mpokezi, neno kwa neno.

"Nimemuua," Kulwa akasema.

"Nani?" Bi Amne akauliza.

"Doto."

Mama akamshika bega. "Pole sana, mwanangu. Mlifuatana naye vizuri?"

Ikabidi Kulwa aeleze, na kueleza kwenyewe kukachukua muda, kijana wa baiskeli anasaidia kwa upande wake na kuharibu zaidi. Walipoelewana, Kulwa akasogea pembeni ya banda akapiga simu Dodoma kwa Adinani, aliyemwandika Mpokezi.

"Adinani, mbona Mpokezi haitikii salamu?"

"Kwani meneja wenu hajakwambia? Aliniambia nizime."

"Kwa nini?"

"Alikuja na wageni, akawaonyesha mfumo ukutani. Mashine ikawa inaitikia marahaba, marahaba, wageni wakacheka. Akaona aibu. Akanipigia, akasema ofisi si kijiwe, mashine ipokee kilo basi. Nikazima jibu."

"Lini?"

"Kuelekea msimu."

"Ukazima jibu. Mazungumzo yanafungwa na nini?"

"Na jibu. Ukishajibu ndo..." Ikasikika kibodi ikigongwa. "Dada Kulwa."

"Naam."

"Nimeona. Jibu halitoki, hayafungi. Kila anayesalimia namwacha mlangoni na kijiji chake."

"Na wanasalimia mara mbili kwa sababu huwaitikii."

"Sikuwaza. Mi niliijaribu kwa kilo."

"Hata mimi. Ukae karibu na simu."

Alasiri ilikuwa imeshaanza kuinama alipofika ghalani. Wajumbe wa kamati walikuwa wanashuka kwenye gari lao. Erasmus alikuwa chumba cha seva, na Najiat bado yuko kwenye benchi lake. Kulwa akamwambia Najiat, njoo na wewe.

Kulwa hakuhubiri. Akamwonyesha meneja Doto kwanza, akampa simu mkononi.

"Tuma kilo."

Erasmus akatuma. Mstari ukapanda, ukashuka.

"Sasa msalimie."

"Nani?"

"Mashine."

Erasmus akamwangalia Najiat, akaangalia simu, akaandika. Mstari ukapanda, ukabaki juu. Akatuma tena bila kuambiwa. Ukapanda zaidi. Akaendelea mwenyewe mpaka vidole vikachoka, kisha Kulwa akamalizia na laptopu, na Doto akafa kwa mara ya pili siku ile.

"Hakuna kidudu," Kulwa akasema. "Ni wapima wako wanaamka asubuhi na kusalimia. Zamani jibu ndo lilikuwa linafunga mazungumzo. Jibu likazimwa."

"Adinani," Erasmus akasema. "Nilijua yule kijana..."

"Adinani alilizima. Wewe ulisema lizimwe. Hakuna kati yenu aliyejua kwamba linafunga mlango. Najiat hata hayumo kwenye habari hii."

Akampigia Adinani, akaweka spika. "Rudisha kwa Mpokezi wa kweli."

"Dakika moja, dada."

Wote wanne, mmoja yuko Dodoma, wakawa wanasikilizia kioo. Mpokezi alikuwa amebakiza pumzi kidogo kufika juu. Kisha mstari ukavunjika na kuanguka mpaka chini, mazungumzo yote ya siku yakaitikiwa kwa mpigo na kufungwa. Huko vituoni simu zilikuwa zinalia kwa wingi, bila shaka, na watu wanashangaa.

Erasmus akavuta stuli, akakaa.

"Nitaiambia kamati ilikuwa hitilafu ya mitambo," akasema. "Na Najiat anaendelea na kazi. Yameisha."

"Hayajaisha," Najiat akasema.

Ndo mara ya kwanza alifungua mdomo mbele ya meneja siku hiyo. Sauti haikupanda hata kidogo.

"Shikamoo, meneja. Kamati haikuniita mwizi, uliniita wewe. Hukuniitia humu ndani, uliniitia kwenye mizani. Mi naomba tu ukaseme palepale."

"Najiat, wajumbe wananisubiri."

"Watakusikia vizuri zaidi nje. Ndo wako hapo mlangoni."

Erasmus akamgeukia Kulwa. Kulwa alikuwa anakunja waya wa laptopu, anaukunja vizuri, hana haraka.

Meneja akasimama. Akatoa ufunguo mfukoni, akamkabidhi Najiat, akatoka mpaka kwenye mizani kubwa ya uani. Wabeba ndoo wakaona anakuja na wajumbe nyuma, wakatua mizigo. Akasema. Hakusema kwa kirefu, na sehemu ya wageni waliocheka aliiruka. Lakini alitaja jina la Najiat, akasema hakuiba, akasema agizo la kuzima jibu lilitoka kwake yeye, na ndoo za kona zimekosa majina kwa sababu hiyo. Alilisema hilo la mwisho akiangalia chini.

Hakuna aliyepiga makofi. Mbeba ndoo mmoja, jitu refu la Kisukuma, akajifuta jasho na kitambaa.

"Sasa meneja, zile za kona tunazifanyaje?"

Erasmus akageuka kulitazama ghala. Najiat alikuwa ameshavaa ufunguo shingoni, amesimama kwenye ngazi ya chumba chake.

"Wapigieni wafugaji waje wazitambue," akasema. "Leo tunapima upya. Anzeni na za Kaliua, zimekaa sana."

Wakainama, wakaanza kubeba.